Ng'ombe Aliyetupeleka Ndithini

Mmeniuliza sana. Sokoni mnaniuliza, kwenye matanga mnaniuliza, na wale wa Nairobi wakija Krismasi wananiuliza: Nzioka, kulitokea nini kule? Mimi nikianza kusema nashindwa, nainuka naenda zangu. Halafu mnaenda kumuuliza Mbithi, naye anawaambia yake. Sasa nimeandika. Shule yangu iliishia darasa la tano, kwa hivyo mtanivumilia. Majina sitaficha. Aliyekufa ana jina, na waliompeleka huko pia wako na majina.

Muthetheni mpaka njia panda

Mnakumbuka jua la mwaka ule wa elfu mbili. Kwa chifu walikuwa wanagawa mahindi ya njano, na mifugo ilikuwa inakula matawi tunayopanda juu ya miti kuikatia. Mimi na ndugu yangu mdogo, Kimanzi, tulikuwa na ng'ombe wa pamoja, wale baba alituachia na wazao wao. Maksai wa kulima walikuwa humo. Maziwa ya watoto yalikuwa humo. Wakifa hao, boma mbili zimekwisha, na hilo halihitaji mtu kusoma ndiyo alijue.

Njia ilikuwepo. Jirani yetu Mutisya anachunga katika ranchi moja upande wa Konza. Alituma neno kwamba amesema na meneja, kuna kona yenye nyasi kavu ambazo bado zimesimama, tuje upesi kabla wengine hawajaijaza. Lakini Mutisya alikuwa ametoka kanisani kwetu, na siku aliyotoka alisema mbele ya watu kwamba unabii wa Mbithi unatoka tumboni. Mbithi hakusahau.

Huyu Mbithi ndiye nabii wa kanisa letu. Kanzu nyeupe, fimbo, sauti ya kujaza nyumba. Ng'ombe hakuwa nao hata mkia.

"Kaka," Kimanzi akaniambia, "jambo kubwa hivi hatuwezi kuliamua kwa akili yetu. Tumuulize Mungu."

"Tumuulize," nikasema. Na hata leo ningesema vile vile. Kumuuliza Mungu si kosa. Kosa ni mtu kujisimamisha mlangoni kama askari wa geti, kila swali lipitie kwake na kila jibu litoke kwake.

Mbithi akatuletea habari za sanduku la agano, vile Wafilisti walifunga ng'ombe wawili kwenye gari, bila mtu wa kuwaongoza, na ng'ombe wakaenda moja kwa moja mahali Mungu alitaka. Akasema nasi tufanye hivyo. Tufike njia panda, tumwachilie kiongozi wa kundi, asiguswe, asipigiwe mluzi. Akishika barabara ya Machakos, twende Konza. Akiteremka ile ya mto Athi, tumfuate mpaka Mungu aseme simama.

Sasa sikilizeni. Kiongozi wa kundi letu alikuwa ng'ombe mwekundu mwenye kengele, na jina lake lilikuwa Ndithini. Tulimwita hivyo kwa sababu alitoka Ndithini, kwenye mahari ya dada yetu Mwikali, ambaye ameolewa huko. Alikuja kwetu akiwa mtamba, hajazaa hata mara moja.

Nusu ya kanisa ilitusindikiza na nyimbo. Mzee Ndolo, mwenyekiti wa kanisa, aliomba mpaka ng'ombe wengine wakalala chini. Aliposema amina, Ndithini akainua kichwa, akanusa hewa, akateremka barabara ya Athi bila kuangalia nyuma.

"Nabii," nikasema, "huyu anaenda kwao."

"Unasema nini?"

"Alizaliwa huko. Ng'ombe ukimwachilia anaelekea alikozaliwa. Hata watoto wanaochunga wanajua."

Watu wakacheka kidogo. Mbithi hakucheka. "Nzioka, Mungu alimleta huyu ng'ombe kwenu akijua siku hii itafika. Hata jina lake ni unabii. Wewe unaona mahari, mimi namwona Bwana."

"Kaka, nyamaza," Kimanzi akanong'ona. "Utatuharibia."

Mueni, mke wake Kimanzi, alikuwa ametuletea maji kwenye mtungi. Alimwangalia mume wake, akaangalia barabara ya Machakos. Wengine walipiga makofi. Watu wazima kabisa, wamesimama barabarani, wanaona ng'ombe anayeitwa Ndithini akielekea Ndithini, wanasema Mungu amenena.

Athi

Tulikuwa watatu: mimi, Kimanzi na Mbithi. Mto Athi tuliukuta umelala kati ya mawe, maji machache, rangi ya chai iliyochacha, na harufu ya uchafu wote unaotoka Nairobi. Ng'ombe walikunywa kwa sababu hawakuwa na la kufanya. Baadaye wengine wakaanza kuharisha.

Hapo mtoni tulikutana na mzee mmoja na punda wake. Punda amebeba ngozi mbichi za ng'ombe, nzi wamezifunika.

"Mnatoka wapi na ng'ombe wanaotembea?" akauliza.

"Muthetheni," nikasema.

"Mnaenda wapi?"

"Mbele," Mbithi akajibu.

"Mbele wapi?"

"Mungu atasema."

Yule mzee akaangalia ngozi zake, akaangalia ng'ombe wetu mmoja mmoja, kama mtu anayechagua. "Mimi ndiyo natoka huko mbele. Hizi nimezivua huko. Basi tutaonana tena, wazee. Mimi sibagui, nanunua hata za waumini."

Alicheka mpaka akakohoa. Mbithi akasema shetani huweka watu njiani wa kuvunja moyo. Mimi nilimtazama yule mzee akimpiga punda wake akienda, nikawaza: Mungu akitaka kumwambia mtu kitu, angetumia nani mwingine? Mtu anatoka mahali unapoenda. Ana ushahidi mgongoni mwa punda. Anakuambia bure.

Tulikaa hapo zaidi ya ilivyofaa. Siku ya ibada iliingia na Mbithi akakataa kutembea. Sisi tukaimba chini ya kichaka, ng'ombe wakasimama juani wakiramba mawe. Alikuwa pia ametangaza mfungo. Mchana hatuli, jioni ugali wa ule unga wa njano, mpaka Mungu aseme simama. Kimanzi alikuwa mtu mkubwa, wa kubeba gunia peke yake, na niliona suruali yake inaanza kushikwa na kamba.

Matuu

Tulipovuka lami ya Garissa malori yalitupigia honi kama sisi ni mbwa. Matuu mnajua kuna ule mtaro wa maji unaotoka mbali na kupita mashambani, na kando yake hata mwaka ule kulikuwa na rangi ya kijani. Ng'ombe waliinua vichwa wote. Nilitaka kulia.

Kando ya njia kulikuwa na mama mmoja wa Kiislamu, Mama Zuhura, anauza chai na mandazi.

"Karibuni chai, ndugu zangu. Mmechoka sana."

"Tumefunga," Mbithi akasema.

"Mmefunga?" Akahesabu vidole. "Ramadhani si bado iko mbali? Ama nyinyi mmeuona mwezi gani?"

"Sisi ni Wakristo."

"Ehe, pole. Na Pasaka si ilipita?" Hakuwa anadhihaki, alikuwa anatafuta kuelewa kweli. "Basi kaeni tu kivulini. Kivuli hakivunji funga."

Alipoona ng'ombe akaweka birika chini. Akasema mume wake ana shamba pale mtaroni, wamevuna mahindi, mabua yamejaa na hawana wa kuyala. Mtaro nao umejaa matope, anatafuta watu wa kuuzibua. "Ng'ombe walale shambani kwetu, wale mabua, mbolea ibaki. Nyinyi mtamsaidia Baba Zuhura na jembe. Mvua ikinyesha mnarudi kwenu."

Nilimshika Kimanzi mkono. Kimanzi akamwangalia Mbithi.

"Bwana hajasema simama," Mbithi akasema. "Kiongozi bado anatembea." Na ni kweli, Ndithini alikuwa anavuta kwenda mbele, alishakaribia kwao, ananusa.

"Baba," yule mama akasema, "mimi simjui Mungu kukuzidi. Lakini mabua si hayo, unayaona?"

"Mifugo ya watu wa Mungu haitalishwa na nyumba ya Waislamu."

Aliyasema mama akisikia. Mama Zuhura hakukasirika, au alikasirika akameza. Alifunga mandazi kwenye gazeti, akampa Kimanzi. "Huyu ukifika wakati wa kufungua, ale. Mwili wake umeisha." Mimi akanipa yangu, na sitasema uongo, niliyala palepale nyuma ya ng'ombe. Kimanzi alibeba yake mfukoni mpaka yakawa mawe.

Nilimvuta kando. "Hawa ni ng'ombe wetu, si wa Mbithi. Tubaki hapa."

"Kaka, nikirudi nyuma sasa, nitajua vipi tena kama Mungu ananiongoza? Maisha yangu yote nitakuwa nabahatisha?"

"Na kama hili ndilo jibu lake? Mabua na maji?"

"Jibu lake haliwezi kuwa rahisi hivi."

Hapo ndipo Mbithi alikuwa amemharibu ndugu yangu. Alimfundisha kwamba kitu kikiwa chepesi, hakitoki kwa Mungu. Kumwacha sikuweza. Yeye ni wa tumbo moja na mimi. Tukaenda.

Ndithini

Kutoka Matuu ng'ombe walianza kuanguka. Wa kwanza alikuwa maksai wa kulima. Alipiga magoti polepole kama anayetaka kuomba, akalaza shingo. Kimanzi alikaa naye. Mbithi akasema tusiangalie nyuma. Wengine tuliwaacha wakitutazama, masikio bado yanatikisika.

Tulipokaribia, Ndithini akaanza kukimbia. Ng'ombe mwenye mbavu za kuhesabika anakimbia, kengele inalia, anakata kona, anapita kati ya miiba, anaingia ndani ya boma la wakwe wa Mwikali kama mtu aliyetumwa dukani na kurudi. Mama mkwe, bibi mzee, alikuwa anapepeta. Akainuka. "Ai! Umerudi?" akamwambia ng'ombe, na kumshika pua.

Mwikali akatoka jikoni. Alianza kupiga vigelegele, akaona mbavu, vigelegele vikakatika.

"Wana wa mama, mmeleta ng'ombe huku? Huku? Wetu waliisha. Si nilimtuma dereva wa lori la mchanga amwambie Mzee Ndolo, hapa hakuna hata jani?"

Nikamuuliza lini. Akasema kitambo, kabla hatujatoka. Basi mjue hivyo. Ndolo aliambiwa. Ndolo alisimama pale njia panda akaomba kwa macho yaliyofungwa, na habari iko mfukoni mwake. Nilimuuliza baadaye na hakukana. Alisema hakutaka kumwaibisha nabii mbele ya washirika.

Kimanzi akamweleza dada habari za ng'ombe wa Wafilisti, jinsi tulivyoachilia kiongozi. Mwikali ni mtu wa kanisa tangu utoto. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kimanzi, wale ng'ombe walikuwa na ndama wachanga, na ndama walifungiwa nyumbani. Waliwaacha ndama wao wakaenda wakilia njia nzima. Ndiyo watu wakajua ni mkono wa Mungu, kwa sababu hakuna ng'ombe huacha ndama wake. Huyu ameacha nini? Huyu amekuja kwao."

Bibi alikuwa bado anamkuna ng'ombe. Sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukianguka kama wa Kimanzi ulivyoanguka. Kama Mbithi angenyamaza pale, ama angesema tu, nimekosea, ndugu yangu angekuwa anakula ugali leo.

Lakini alipiga fimbo chini. "Bwana amesema simama. Ni hapa. Na maji ametuwekea hapa."

Mchanga

Kuna korongo la mchanga karibu na hapo. Watu wa Ndithini huchimba ndani yake, na wana jinsi yao. Kisima chao ni kipana kama uwanja, kinaenda chini kwa ngazi, na kila ngazi imeshikwa na matawi na magogo, maana mchanga ukilowa hausimami. Maji yalikuwa machache, foleni ndefu. Kwa ng'ombe wa wageni hayangetosha.

Mbithi akapanda juu zaidi, mahali ambapo hakuna mtu amechimba. Akachora duara kwa fimbo, duara la kutosha mtu mmoja. "Maji yako hapa. Chimbeni ndani ya alama. Msitoke nje yake hata shubiri, mtakuwa mmeongeza juu ya neno."

Shemeji yetu, mume wa Mwikali, alikuja na kusimama. Mtu mpole. "Mzee, hapo hapashiki. Kama ni lazima, panueni kwanza. Anzeni kule, mje hivi, muweke matawi. Sisi tumezaliwa kwenye mchanga huu."

"Wewe umezaliwa kwenye mchanga," Mbithi akamjibu. "Aliyeuumba ndiye amechora."

Nikamwambia Kimanzi asiingie. Aliniangalia. Hayakuwa macho ya mtu anayeamini. Yalikuwa ya mtu ambaye anahitaji maji yapatikane, kwa sababu yasipopatikana, ng'ombe wote walioanguka njiani walianguka bure, na yeye ndiye aliwatoa nyumbani. Akavua shati, akaingia kwenye duara.

Yeye alichimba, mimi nilivuta karai kwa kamba. Ukingo wa shimo ulimfika kiunoni, ukamfika mabegani, kisha nikawa naona kichwa tu, kisha sikumwona ila nikiinama. Shemeji alikimbia kutafuta magogo. Kila karai likija juu lilikuwa zito zaidi, lenye giza zaidi. Halafu nikasikia anacheka huko chini.

"Kaka! Umelowa! Shika, shika!" Akainua mkono, ngumi ya mchanga mbichi, maji yanatiririka kwenye kiwiko chake.

Mchanga ukianguka haupigi kelele. Ulikuwa ni kama mtu amepumua. Ule mkono ulikuwepo, kisha haukuwepo. Niliruka ndani nikichimba kwa vidole, na upande wa pili ukaja, ukanishika mpaka kifuani. Sikuweza kushuka wala kupanda. Miguu yangu ilikuwa inamgusa. Nilimsikia kwa miguu. Alikuwa anasukuma. Halafu akawa hasukumi.

Watu wa Ndithini walikuja na sufuria, na vibuyu vilivyopasuka, na mikono. Mwikali alikuwa anachimba huku analia jina la mama yetu. Yule bibi mzee alichimba. Mbithi alisimama juu ya ukingo, mkono mmoja hewani, anaomba kwa sauti. Hakushika hata sufuria. Hilo nililiona kwa macho yangu, nikiwa ndani ya mchanga nikimwangalia kutoka chini, na siku ya hukumu nikiulizwa nitalisema tena.

Walinitoa mimi kwanza kwa sababu nilikuwa juu yake. Kimanzi walimtoa baadaye.

Kurudi

Shemeji alipata pikapu. Tulimlaza nyuma, mimi nikakaa naye, mbavu zangu zimefungwa na kitambaa. Mbithi hakupanda. Alisema roho inamwambia abaki kuwaombea watu wa Ndithini. Watu wa Ndithini walimfukuza jioni hiyohiyo, hilo nilikuja kuambiwa.

Gurudumu lilipasuka Matuu. Tulikaa kando ya lami na maiti, jua linatupiga. Mama Zuhura alitutambua. Alikuja akatazama nyuma ya pikapu, akarudi kwake mbio, akaleta leso mpya ya kumfunika na chai ya kwangu. Mume wake aliazima gurudumu mahali. Yale maneno ya mabua hakuyataja hata kwa macho. Nilikunywa chai, nikasikia aibu kwamba ni tamu.

Tulimzika nyumbani, kando ya baba. Mutisya alikuja kutoka Konza. Ng'ombe wake walikuwa wamekonda, wengine wamekufa, lakini waliobaki walikuwa wamesimama. Alichimba kaburi na sisi, na hakutuambia hata mara moja, "Si niliwaambia?" Ng'ombe wetu waliobaki walikufa hukohuko Ndithini, wote isipokuwa yule mwenye kengele. Yeye alibaki hai kwa bibi, akila maganda ya miti, na simtaki.

Mvua ilikuja mwisho wa mwaka. Ilikuja na nguvu. Na siku ya pili ya mvua Mbithi akaja kwa Mueni, miguu imejaa matope, mimi nikiwa hapo narekebisha mlango. Akakaa bila kukaribishwa. Akasema ameonyeshwa kwamba mvua imetolewa kwa sababu ya Kimanzi. Kwamba Kimanzi alikuwa sadaka ya nchi hii. Akataka Mueni asimame Jumapili, atoe ushuhuda.

Mueni alikuwa anachambua mbegu kwenye ungo. Hakuinua macho.

"Nabii, wakati nyinyi mko njiani, mimi pia nilikuwa naomba. Kila asubuhi. Nilimwomba Kimanzi arudi."

"Ndiyo, dada, lakini mapenzi ya—"

"Ngoja. Mimi sikuonyeshwa kitu. Hakuna sauti niliisikia. Sasa wewe unaniambia Mungu alikuwa ameshapanga kumuua, na akakuambia wewe, mgeni, akaninyima mimi mke wake?"

"Mungu huchagua chombo."

"Basi atafute chombo kingine. Mlango uko wazi, shemeji bado hajaufunga."

Akaenda. Anawaambia watu kwamba sisi tumerudi nyuma katika imani. Msiniulize tena kama ni kweli.

Asubuhi yake Mueni alitoka na jembe na panga. Watoto wamesimama na mbegu kwenye bakuli. Mbegu zilikuwa chache, na mkipanda kabla ya wakati zinaoza au jua linazichoma, na hakuna nyingine mpaka mwaka mwingine. Nikamuuliza tufanye nini. Akasema tuombe. Tuliomba, maneno machache tu, hata watoto hawakufunga macho. Kisha akapiga magoti shambani, akachimba tundu na panga, akaingiza mkono wake polepole ndani ya udongo mpaka pale udongo mkavu ulipoukataa. Akauchomoa. Akauangalia vile umelowa, kutoka vidole mpaka kiwiko.

"Tupande," akasema.

Maksai hatuna. Tulilima kwa mkono.